Mbio ni Zake, Ushindi ni wa Nani?

Ngozi ya farasi aitwaye Phar Lap imesimamishwa ndani ya kioo katika jumba la makumbusho mjini Melbourne. Moyo wake, uliozidi kilo 6 kwa uzani, umehifadhiwa mjini Canberra. Mifupa yake imeungwa upya na kusimamishwa mjini Wellington, New Zealand, nchi alikozaliwa mwaka 1926. Farasi mmoja, nchi mbili, miji mitatu, na watu wangali wakienda kumtazama mpaka leo. Kila mji unaona kuwa umempa heshima kwa kushika fungu lake. Nami kila nikiyafikiria mafungu hayo matatu hunijia suali ambalo ndilo lililonitia katika kuandika makala hii: heshima anayopewa asiyeijua, ni heshima yake au ni ya hao wanaompa?

Phar Lap aliingia katika mashindano 51 akashinda 37. Mwaka 1930 alishinda Kombe la Melbourne, ambalo ndilo shindano kubwa kuliko yote katika nchi ile, na siku chache kabla yake mtu alimfyatulia bunduki njiani akamkosa. Ilikuwa miaka ya dhiki, kazi hakuna na fedha hakuna, na watu wa kawaida walimshika farasi huyu kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Alipozidi kushinda, wasimamizi walizidi kumtwika: mwaka 1931 alikimbia Kombe lile lile na mzigo wa kilo 68 mgongoni, akaja wa nane. Akavushwa bahari, akashinda Agua Caliente, Mexico, tarehe 20 Machi 1932, na siku 16 baadaye akafa California kwa maumivu makali, mbele ya Tommy Woodcock, saisi wake aliyemlea na kulala karibu naye. Uchunguzi wa nywele za singa yake, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa alikula sumu ya arseniki nyingi katika saa 30 hadi 40 za mwisho wa uhai wake. Ni mkono wa nani uliompa, hakuna aliyepata kuthibitisha.

Tazama basi, ndugu msomaji, maisha hayo yalivyokwenda. Alihasiwa ili awe mtulivu, kwa hivyo hakuacha mwana. Alipigiwa bunduki kwa sababu ya fedha zilizowekwa juu yake na watu asiowajua. Aliongezewa mzigo kwa kosa la kuwa hodari. Kisha akagawiwa. Na hapana shaka yoyote kwamba watu waliomgawa walimpenda. Hapo ndipo ugumu ulipo. Lau angekuwa ameteswa na watu wabaya tungemaliza shauri kwa kuwalaani. Lakini huyu alipendwa, na kupendwa kwake hakukumfaa kwa lolote alilolihitaji.

Suali hili si la farasi peke yake, nami nimemchagua yeye kwa kuwa kwake jambo liko wazi zaidi. Binadamu akishindana hupata japo kipande cha sifa zake: atasikia vigelegele, atatia fedha mfukoni, atarudi mtaani kwao watu wamsimamishe. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Farasi hana kwao. Huchezeshwa kwa watu, na tuzo hupokewa na wengine.

Farasi ninaowazungumzia ni wale walioandikiwa kitabu. Waingereza wana jina lao maalumu. Mimi nitawaita farasi wa nasaba, kwa kuwa nasaba ndiyo inayowafanya wawe walivyo. Kitabu chao cha kwanza, General Stud Book, kilitolewa mwaka 1791, na mpaka leo farasi asiyeweza kuthibitisha baba na mama zake katika vitabu vya namna hiyo hahesabiwi miongoni mwao. Ukiifuata nasaba ya kuumeni, huwafikisha wote kwa mababu watatu, na hakuna hata mmoja katika hao aliyezaliwa Uingereza. Wa kwanza alikuwa kipando cha Kapteni Robert Byerley katika vita vya Boyne, Ireland, mwaka 1690. Wa pili alinunuliwa Aleppo, mji ambao Waarabu huuita Halab, na mfanyabiashara Thomas Darley, akasafirishwa mwaka 1704. Wa tatu aliletwa kutoka upande wa Tunis kupitia Ufaransa, akaishia kwa Lord Godolphin, akafa mwaka 1753. Majina yao katika kitabu ni Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Jina la mwenye mali kwanza, kisha kabila la farasi. Aliyewazalisha katika jangwa au katika boma la Sultani, aliyewanywesha maziwa ya ngamia au kuwafunza kusimama, hatajwi. Kitabu cha nasaba kilianza kwa kusahau.

Wasomaji wa visiwa hivi wanaijua safari nyingine ya farasi wa Kiarabu iliyotuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultana, likiongozwa na Ahmad bin Naaman, lilitia nanga New York baada ya kupitia Unguja. Miongoni mwa zawadi alizopelekewa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili. Kwa kuwa sheria za Marekani hazimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme bila ya idhini ya Baraza, farasi wale waliuzwa kwa mnada na fedha zake zikatiwa katika hazina. Sayyid alituma alichokiona kuwa ni kiumbe bora katika viumbe, na kule kilipokewa kama shehena. Sidhani kama kuna aliyekosea adabu hapo. Kila upande ulifuata sheria yake. Lakini tukio lile linatufunza kuwa farasi hubeba migongoni mwao heshima za watu bila ya wao kuulizwa, na hubadilika kuwa bei pale pale heshima hiyo inapokosa pa kutua.

Kutokana na yule wa Darley alitoka Eclipse, aliyekuwa kilembwe wake. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1764, siku jua lilipopatwa, na jina lake ni hilo la kupatwa kwa jua. Alikimbia mara 18 katika miaka ya 1769 na 1770, na hakushindwa hata mara moja. Mwishowe wenye farasi wengine waliogopa kuwaleta wa kwao, naye mara nyingine alitembea tu mpaka mwisho wa kiwanja kwa kukosa mpinzani. Akastaafishwa akawa baba, na farasi wa nasaba walio wengi mno duniani hii leo, ukiwafuata kuumeni, humrudia yeye. Alipokufa mwaka 1789 alipasuliwa na tabibu wa Kifaransa, Charles Vial de Sainbel, ambaye baadaye kidogo alikuwa mkuu wa kwanza wa skuli ya utabibu wa wanyama mjini London. Mifupa yake ingali ikihifadhiwa katika Royal Veterinary College. Watu walitaka kujua siri ya mbio zake imo katika mfupa gani.

Hapa panaingia hoja ya kwanza ya wanaosema kuwa farasi hana sifa yake mwenyewe. Husema: mbio za Eclipse si tendo lake, bali ni damu. Watu walichagua baba wakachagua mama, na yeye ni matokeo tu, kama embe lilivyo matokeo ya mkulima. Kwa hivyo tuzo ni halali ya aliyechagua. Hoja hii ina nguvu yake, lakini tukiikubali haitaishia kwa farasi. Mwimbaji hakujichagulia koo. Malenga hakujichagulia nyumba aliyozaliwa, yenye bibi aliyekuwa akitoa vitendawili usiku. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyejipa akili. Ikiwa alichorithi mtu si chake, basi hapana duniani mwenye chake. Na zaidi ya hayo, damu haikimbii. Katika kitabu hicho hicho wamo maelfu ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na mabingwa, waliozaliwa wakalishwa vizuri, wasishinde kitu. Damu hutoa uwezekano. Kuutoa uwezekano huo mbele, hatua kwa hatua, pumzi kwa pumzi, ni kazi ya kiumbe kilichopo kiwanjani.

Je, lakini, kiumbe hicho kinajua kuwa kinashindana? Nitachukua mfano unaojulikana kuliko yote. Tarehe 9 Juni 1973, katika uwanja wa Belmont, New York, farasi aitwaye Secretariat alikimbia maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4 hivi, kwa dakika 2 na sekunde 24. Muda huo haujapata kuvunjwa kiwanjani hapo, ingawa zaidi ya nusu karne imepita. Alishinda kwa umbali wa farasi 31 waliolazwa mmoja baada ya mmoja. Aliyempanda, Ron Turcotte, hakumchapa. Katika sehemu ya mwisho hapakuwa na mpinzani hata wa kusikiwa kwato zake, na Turcotte aligeuka kutazama saa ya uwanjani, kwa kuwa hapakuwa tena na kingine cha kushindana nacho. Farasi akaendelea kukimbia kwa nguvu zile zile.

Wanaopenda farasi hukitaja kisa hiki kuthibitisha kuwa alitaka kushinda. Mimi nakiona kinathibitisha kinyume chake, na kwa namna iliyo nzuri zaidi. Anayetaka kushinda huacha kukimbia pindi anapohakikisha kuwa ameshinda, au angalau hupunguza. Ndivyo tufanyavyo sote. Asiyepunguza pasipo mjeledi wala mshindani ni yule ambaye kwake mbio zina maana peke yake, bila ya kuhitaji mwingine abaki nyuma. Kushinda ni jambo la hesabu: lazima pawe na wa kwanza na wa pili, mstari uliochorwa, saa, majaji na watu waliokubaliana juu ya kanuni. Vyote hivyo ni vya watu. Kukimbia hakuhitaji hata kimoja. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, tugawe hivi: mbio ni zake, ushindi ni wetu. Hatukumwibia ushindi kwa kuuchukua, kwa kuwa hakuwa nao. Alichotupa ni mbio, nasi tukazigeuza kuwa ushindi, kama tunavyougeuza upepo kuwa safari kwa kupandisha tanga.

Lakini upepo hauvunjiki mguu. Hapo ndipo mfano wangu unapokoma na deni linapoanza.

Mwaka 1975 palikuwa na farasi jike mweusi aitwaye Ruffian, aliyezaliwa mwaka 1972. Mashindano yake kumi ya mwanzo aliyashinda yote. Watu wakataka kujua: je, angemweza bingwa wa madume? Tarehe 6 Julai mwaka ule akapambanishwa na Foolish Pleasure, wawili peke yao, katika uwanja ule ule wa Belmont. Kabla hawajafika mbali mfupa wa mguu wake wa mbele ulivunjika, na aliyempanda akajaribu kumsimamisha. Hakusimama. Aliendelea kuutia mguu ule chini, kwani hakujua namna nyingine ya kuwa kiwanjani. Walimfanyia upasuaji usiku ule. Alipozinduka katika dawa za usingizi alianza kurusha miguu akiwa amelala ubavu, kama aliye bado katika mbio, akaivunja bandeji ngumu aliyofungwa na kujidhuru upya. Wakamuua ili kumpumzisha.

Katika kisa hiki sioni mtu mkatili. Madaktari walikesha. Mpandaji alilia. Wenye farasi wake walimzika ndani ya uwanja. Hata hivyo, kila kilichomuua kilitokana na suali ambalo si lake. Ruffian hakuwa na haja ya kujua kama anamzidi dume. Sisi ndio tuliokuwa na haja hiyo. Na ile furaha yake ya kukimbia, tuliyoiona kuwa ni ruhusa, ndiyo iliyomzuia asijinusuru. Mtu mwenye kutumia furaha ya mwingine kwa faida yake hana budi awe mlinzi wa furaha hiyo, kwa kuwa mwenye furaha hajilindi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya deni ninalolisema, na inamhusu baba mwenye mwana hodari wa mpira sawasawa na inavyomhusu tajiri mwenye farasi.

Wako watakaosema: lakini farasi huyo asingezaliwa kama si mashindano. Amepewa uhai, majani mazuri, daktari na banda. Mguu wake ndio malipo. Hoja hii huisikia sana kwa watu wenye akili, nami huona inafanana na mzazi anayemwambia mwanawe: nimekuzaa, kwa hivyo maisha yako ni yangu niyatumie nipendavyo. Kumpa kiumbe uhai si kumkopesha. Asiyekuwapo hakuomba, wala hakutia saini, na hawezi kudaiwa kwa mkataba uliofungwa kabla hajawa na masikio ya kuusikia. Aliyemleta kiumbe duniani kwa haja yake mwenyewe amejiongezea wajibu, hakujipunguzia.

Nisije nikadhaniwa kuwa naililia farasi na kuwasahau watu. Historia ya mabingwa hawa ni historia ya watu pia, na suali la nani mwenye ushindi lilikuwa kali zaidi kwao. Lexington, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1850, aliyekuja kuwa kipofu na hata hivyo akaongoza mara 16 katika orodha ya madume waliozaa washindi Marekani, alifunzwa mwanzoni na mtu mweusi aitwaye Harry Lewis. Kanuni za wakati ule hazikumruhusu mtu mweusi kumwingiza farasi mashindanoni kwa jina lake. Aristides, mshindi wa kwanza wa Kentucky Derby mwaka 1875, alipandwa na Oliver Lewis, mtu mweusi, na kufunzwa na Ansel Williamson, aliyezaliwa mtumwa. Siku ile wapandaji 13 katika 15 walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa wana wa utumwa. Katika Derby 28 za mwanzo walishinda 15. Isaac Murphy alishinda tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891, akafa mwaka 1896 akiwa kijana, na kaburi lake likapotea kwa miaka mingi mpaka lilipotafutwa na kupatikana. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902, kisha, watu weusi walipokwisha kusukumwa nje ya viwanja, akaenda kutafuta riziki Urusi.

Wao walikuwa watu. Walijua maana ya mstari, saa na tuzo. Ushindi ulikuwa wao kwa maana kamili, nao walinyang'anywa. Kwa hivyo haifai kuwaweka sawa na farasi, na sikusudii kufanya hivyo. Aliyekuwa akifanya hivyo ni yule aliyewaandika watumwa wake na farasi wake katika daftari moja. Ninachokitaja ni mazoea ya mkono ule ule. Mkono uliozoea kupokea tuzo ya mbio za farasi na kusema "nimeshinda" haukuona taabu kupokea tuzo ya mbio za mtu na kusema maneno yale yale. Sisi wa mwambao na visiwa, ambao mababu zetu wako waliouza na wako waliouzwa, tunayaelewa mazoea hayo bila ya kufafanuliwa. Hapa pana faida ya kujizoeza kuuliza "mbio hizi ni za nani?" hata pale mwenye mbio asipoweza kudai. Anayeuliza kwa ajili ya asiyesema hatasahau kuuliza kwa ajili ya asemaye.

Basi heshima ya kweli kwa kiumbe kama huyu ni ipi? Wahenga walinena: chanda chema huvikwa pete. Lakini farasi hana chanda. Hiyo pete tunamvika nani? Sanamu ya shaba, kaburi lenye maua, jina katika orodha ya mabingwa: vyote hivi ni pete tulizojivika wenyewe kwa jina lake. Sisemi ni vibaya. Mazishi huwafaa walio hai, na hapana dini wala mila isiyojua hivyo. Desturi ya mashamba ya Kentucky ni kuzika kichwa, moyo na kwato tu za farasi mashuhuri; Secretariat alipokufa tarehe 4 Oktoba 1989 alizikwa mzima, na daktari aliyempasua alikadiria kuwa moyo wake ulifika ratili 22. Wengi waliona hiyo ni heshima kubwa, nami naiona hivyo. Lakini naijua kuwa ni heshima ya upande wetu. Yake ingekuwa ile tu iliyomfikia angali hai.

Kipimo changu, basi, ni chepesi: heshima ni kile kinachomfikia anayeheshimiwa. Kwa kipimo hicho nawalinganisha mabingwa wawili.

Man o' War, aliyezaliwa mwaka 1917, alishinda mashindano 20 katika 21. Alipostaafu alipata saisi, Will Harbut, mtu mweusi wa Kentucky, aliyemtunza kwa miaka mingi na kumwonyesha kwa maelfu ya wageni, akisimulia sifa zake kila siku kana kwamba anazisimulia kwa mara ya kwanza. Harbut alifariki Oktoba 1947, na farasi akafa tarehe 1 Novemba ya mwaka ule ule. Watu hupenda kusema alikufa kwa huzuni; alikuwa mzee wa miaka 30, na hilo latosha kumuua farasi. Kinachonigusa ni miaka iliyotangulia: alipata mkono mmoja aujuao, sauti moja aijuayo, majani, kivuli na uzee. Hivyo vyote vilimfikia.

Ferdinand alishinda Kentucky Derby mwaka 1986, na mwaka uliofuata akatajwa kuwa farasi bora wa Marekani. Fedha alizochuma zilizidi dola milioni 3. Wana wake hawakukimbia kama ilivyotarajiwa, akauzwa Japani, huko nako hakupata wateja, akapita mkono kwa mkono, na mwaka 2002 akapelekwa machinjoni. Khabari zilipotoka mwaka 2003 Wamarekani walifadhaika sana. Jina lake lilikuwa katika orodha ya mabingwa muda wote huo. Picha zake zilikuwa ukutani. Heshima yake yote ilikuwapo, isipokuwa yeye mwenyewe.

Yafaa isemwe pia kuwa fadhaa ile haikwenda bure. Baadhi ya wenye farasi wakaanza kutia sharti katika hati za mauzo kuwa farasi akichokwa arejeshwe kwao, na mwaka ule ule wa 2003 likaanzishwa Kentucky shamba la Old Friends, wanakoletwa farasi wastaafu kumaliza umri wao. Hilo halihitaji shaba. Linahitaji majani, uzio na mtu wa kuamka alfajiri.

Tuna methali isemayo fadhila ya punda ni mateke. Tumeitumia kwa karne nyingi kumlaumu mnyama, na kwa mnyama mtu asiye na shukrani. Ningependa msomaji aigeuze mara moja tu aione upande wa pili. Punda amebeba mawe ya nyumba zetu, na farasi amebeba wafalme wetu, vita vyetu, fedha zetu na fahari zetu. Tukiulizwa fadhila ya mtu kwake ni ipi, tutajibu nini? Wenye kuisoma Qur'ani wanajua kuwa imo sura fupi, Al-Adiyat, inayoanza kwa kiapo cha farasi watokao mbio wakihema na kutoa cheche kwa kwato zao, kisha ghafla inamgeukia binadamu na kumtaja kwa ukosefu wake wa shukrani na mapenzi yake ya mali. Wafasiri wameieleza hatua hiyo kwa njia nyingi, nami si katika watu wa kuwasahihisha. Lakini kwa msomaji wa kawaida kukaa kwa mambo mawili hayo pamoja kunatosha kumfikirisha: yule anayetoa pumzi zake zote, na yule asiyejua kushukuru.

Mimi kazi yangu ni kutunga na kufasiri, na sikuifunza darasani. Katika kufasiri nimejifunza jambo moja linalofanana na hili. Shairi la mwingine linapokimbia vizuri katika Kiswahili, mtu hunipongeza mimi niliyekaa juu yake, nami hupokea pongezi kwa kuwa mwenyewe kafa zamani au yuko mbali na hasomi lugha yetu. Hakuna anayedhulumika kwa pongezi hiyo. Lakini ipo kazi inayonibakia baada yake: kurudi kwenye maneno yake, kuyatazama kama nimeyavunja popote, na kuyalinda pale ambapo uzuri wa sauti yangu ulitaka kuyapita. Pongezi ni zangu kuzipokea. Uangalizi ndio ulio wake.

Na hilo ndilo jibu langu kwa suali la mwanzo, ikiwa ni jibu. Ushindi tuuchukue, maana hapana mwingine wa kuuchukua. Tuimbe, tuchonge, tuandike majina. Ila tusiziite hizo kuwa ni malipo. Malipo ni mguu uliotazamwa kabla ya mbio, mzigo usioongezwa kwa ajili ya tamasha, na uzee usiofika machinjoni. Phar Lap amesimama kiooni Melbourne, na wakimtazama mpaka mwisho wa dunia hatapata zaidi ya alichokipata usiku ule Woodcock alipokuwa naye bandani.